Tukinge Maji Kabla ya Kukinga Mikono

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana wa Jericho, Nairobi, baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), anayeteremsha maji kutoka mawinguni akaihuisha kwayo ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Ustadh aliponitaka nizungumze aliniuliza, "Maudhui yako ni gani?" Nikamjibu, "Tangi la maji ya mvua." Akacheka. Akasema, "Tangi? Wenzako wanazungumzia Lailatul Qadri, wewe unatuletea tangi?" Nikamwambia, "Ustadh, nivumilie mpaka mwisho, kisha uhukumu." Na wewe msomaji nakuomba univumilie vivyo hivyo.

BOMBA KAVU, MTARO UMEFURIKA

Aliyekulia Jericho haelezwi shida ya maji. Lakini nitakukumbusha Ramadhani ya mwaka 2024, kumi la mwisho, masika yalipokuwa yameanza. Masika yale hayasahauliki. Kufikia mwezi wa Mei mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, na hapa Nairobi wengi waliokaa kando ya mito walipoteza makao yao.

Sasa sikiliza ajabu. Usiku mmoja katika siku hizo mvua ilipiga mabati mpaka sauti ya imamu haisikiki. Na usiku huo huo, bomba la nyumbani kwetu lilikuwa na siku ya tisa halijatoa hata tone. Nikatoka tarawehe nimelowa chapachapa, nikaingia ndani, nikachukua mitungi miwili ya lita ishirini, nikageuka kwenda kununua maji. Mtungi shilingi 20, na siku za shida hata 50. Nyanya yangu alikuwa mlangoni. Akanitazama maji yanavyonichuruzika kichwani, akaniuliza, "Mjukuu wangu, unatoka kwenye maji kwenda kutafuta maji?"

Wallahi nilikosa jibu. Nimeingia madrasa nikiwa na miaka mitano, na mlango wa kwanza tuliosomeshwa katika fiqhi ni mlango wa maji. Chuo kikuu nako wananisomesha. Lakini swali la mzee ambaye hakupata kukaa darasani likanishinda pale pale.

Hebu tulifikirie pamoja. Maji ya bomba ni nini? Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Bwawa hilo linajazwa na mito inayoshuka kutoka milima ya Aberdare. Mvua ikikosa kule, sisi huku tunakauka, kama tulivyoona Januari 2017 mgao wa maji ulipoanza jiji zima. Kwa hivyo maji ya bomba nayo ni mvua, ila ni mvua iliyonyesha Murang'a ikasafirishwa mpaka Jericho. Na mvua inayonyesha Jericho yenyewe, juu ya paa lako, tunaifanya nini? Tunaiacha iingie mtaroni, izibe njia, iingie kwa jirani wa chini, iishie Mto Nairobi na uchafu wote. Kesho yake tunashika mitungi na kupanga foleni. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sisi tunayamwaga kila masika, kila vuli.

DINI INATUAMBIA NINI?

Katika Surat Al-Waqia Mola anatuuliza kuhusu maji tunayokunywa: ni sisi tuliyoyateremsha kutoka mawinguni au ni Yeye? Katika Surat Al-Muuminun anatujulisha kwamba huteremsha maji kwa kipimo, akayatuliza ardhini, na kwamba ana uwezo wa kuyaondoa. Na katika Surat Al-Hijr anatukumbusha kwamba hazina ya maji hayo si sisi tunaoishika.

Hapo ndugu mmoja aliniuliza, "Kama hazina si yetu, mbona unataka tuyaweke kwenye tangi? Si ni kutomtegemea Mola?" La hasha! Hazina ni Yake, na chombo ni juu yetu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Na Nabii Yusuf (A.S.) hakuwaambia watu wa Misri wakae wasubiri miaka ya njaa. Aliwaambia waweke akiba ya nafaka katika miaka ya neema. Kuweka akiba wakati wa neema ni mwendo wa Mitume. Anayeiacha neema ipite mlangoni, kisha akatoka kulalamika, huyo asijiite mwenye kutawakali.

Tena angalia adabu ya Mtume (S.A.W.) na maji. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mvua iliponyesha alifunua sehemu ya nguo yake ili imguse, kwa kuwa ndiyo kwanza inatoka kwa Mola wake. Na alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita moja. Sisi je? Siku moja weka beseni chini ya bomba unapotawadha, uone umemwaga kiasi gani. Tangi la lita 1,000, kwa kipimo cha Mtume, ni wudhu zaidi ya 1,000.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu wa nchi yetu. Nenda visiwa vya Lamu, pande za Faza na Kizingitini, utaona majabia. Jabia ni birika kubwa la kuhifadhia mvua, na kandoni mwake huwa na sakafu pana ya kukingia maji yateremkie ndani. Wazee wale walikuwa wamezungukwa na bahari, na maji ya visima vyao mengi ni ya chumvi. Hawakulia. Walijenga. Sisi wa Eastlands paa tunalo tayari. Kilichobaki ni gata na tangi.

HESABU YA PAA LAKO

Hii si hesabu ya chuo kikuu, ni ya darasa la saba. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja. Basi.

Chukua paa dogo la mita 30 za mraba. Mvua nzuri ya usiku mmoja, milimita 20, inakupa lita 600. Toa yanayoruka na kumwagika, unabaki na kama lita 480. Hiyo ni mitungi 24, na wewe umelala. Nairobi hupata kiasi cha milimita 900 za mvua kwa mwaka, pengine zaidi. Ukikinga sehemu nane katika kumi ya mvua hiyo, paa hilo dogo linatoa lita 21,600 kwa mwaka, yaani mitungi 1,080. Kwa shilingi 20 kila mtungi, hizo ni shilingi 21,600 zilizoingia mtaroni. Halafu tunasema hatuna pesa ya Zakatul Fitri!

Nakiri kwamba huwezi kukinga yote, manake tangi likijaa limejaa. Lakini hata robo yake si haba.

NAMNA YA KUWEKA TANGI

Baada ya Idi sisi ndugu watatu tulichangishana tukanunua tangi la plastiki la lita 1,000, tukaliweka kwenye kibustani cha nyanya nyuma ya nyumba, pale anapopanda sukuma wiki na mnavu. Nitakueleza tulichojifunza, pamoja na makosa yetu, ili wewe usiyarudie.

1. Ruhusa. Nyumba nyingi za Jericho ni za Kaunti ya Nairobi, iliyozirithi kutoka kwa Baraza la Jiji mwaka 2013. Sisi ni wapangaji. Usianze kubomoa ukuta au kujenga kitu cha kudumu bila kuuliza ofisi ya estate. Tangi ni mali yako na unaweza kuhama nalo. Ukuta si wako.

2. Msingi. Hapa ndipo tulipoumia. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Sisi tulipanga mawe juu ya udongo, bila saruji, tukalipandisha tangi, tukapiga picha. Mvua ikanyesha usiku kucha, udongo ukalainika, tangi likajaa na kuinama. Saa kumi alfajiri bomba likang'oka, maji yote yakaingia jikoni kwa jirani. Tunamshukuru Mola hapakuwa na mtoto karibu. Kwa hivyo chimba mpaka ufikie udongo mgumu, jenga kwa mawe na saruji, jaza kokoto, kisha mwaga zege la inchi nne juu, pana kuliko kitako cha tangi, na upime usawa kwa pima maji. Liinue futi mbili hivi ili ndoo iingie chini ya bomba.

3. Gata. Watu wa Pwani huita mlizamu. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hukunja za mabati kwa kipimo unachotaka, na za plastiki zipo madukani. Iteremke sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye tangi, isije ikatuamisha maji. Ifunge kwa vyuma vilivyokaribiana, manake mvua ya Aprili haina huruma.

4. Maji ya kwanza. Paa hukusanya vumbi, majani, na kinyesi cha ndege na paka. Mvua ya kwanza huosha vyote hivyo, na haifai kuingia tangini. Weka bomba la inchi nne lililosimama wima kabla ya tangi, na chini yake mfuniko wa kufungua. Maji ya kwanza yanajaza hilo bomba, na yakijaa, yanayofuata ndiyo yanayopita kuingia tangini. Mita mbili za bomba hilo hushika lita 16, na kwa paa la mita 30 zinatosha. Mvua ikikatika, fungua umwagie mboga.

5. Wavu na mfuniko. Ziba mdomo wa tangi kwa wavu mwembamba wa mbu, na pia mdomo wa bomba la ziada. Tangi lisipozibwa linakuwa nyumba ya mbu. Mfuniko ufungwe imara, mtoto asiweze kuufungua. Tangi liwe la rangi isiyopitisha mwanga, la sivyo maji yataota ukijani.

6. Bomba la kutekea na bomba la ziada. La kutekea liwe juu ya kitako cha tangi kwa upana wa kiganja, ili tope linalotuama chini lisitoke. La ziada liwe juu kabisa, na lisiwe jembamba kuliko lile linaloingiza maji. Fikiria mapema maji hayo ya ziada yataenda wapi. Sisi tumeyaelekeza kwenye matuta ya mboga.

7. Usafi. Osha tangi mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Miaka hii Ramadhani inaangukia kabla ya mvua hizo au zinapoanza, basi ukisafisha nyumba kwa ajili ya mwezi mtukufu, panda na juu usafishe gata. Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa ya klorini kwa kipimo chake. Na kama paa lako ni la asbesto, usinywe maji yake, wala usilikwangue wala kulitoboa.

Huna uwezo wa tangi? Anza na pipa. Lakini uliza pipa hilo lilikuwa na nini. Lililobeba kemikali usilitumie hata kwa mboga.

JE, MAJI YA TANGI YANAFAA KWA TWAHARA?

Swali hili niliulizwa na akina mama zaidi ya mara moja. Jibu ni ndiyo, bila shaka. Maji ya mvua ni katika maji mutlaki, yenyewe twahara na yanatwaharisha. Kubadilika kidogo kwa sababu ya vumbi au kukaa sana hakuyaharibu.

Likiingia najisi, je? Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu hapa, tunaangalia kulateni, yaani maji ya kula mbili. Wanazuoni wengi wa sasa wanaikadiria kuwa kiasi cha lita 200, wengine wakaongeza kidogo. Maji yakiwa chini ya kiasi hicho, najisi ikiingia yananajisika hata kama hayakubadilika. Yakifikia kiasi hicho au zaidi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Kwa hivyo ndoo ikitumbukiwa na panya akafa, mwaga. Pipa liko mpakani, na likipungua kidogo tu hukumu yake ni kama ya ndoo. Tangi kubwa lililojaa halina wasiwasi huo, lakini hata kama hukumu ni twahara, afya nayo ni amana. Mtoe panya, mwaga maji, osha. Na uzuri ni kwamba wavu na bomba la maji ya kwanza vinakulinda kwa yote mawili.

HAKI YA JIRANI

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo niliyoijia.

Alfajiri ile tangi lilipoinama, jirani yetu, mama Mkristo ambaye ametuona tangu tukitambaa, alitoka na ufagio. Unga wake umelowa, magodoro ya watoto yamelowa. Sisi tumesimama na tochi, tunaona haya hata kusalimia. Nilitegemea matusi, na angekuwa na haki. Yeye aliniambia neno moja tu, "Kijana wangu, jana nilikuja kuomba mtungi mmoja mkaniambia tangi halijajaa. Sasa leo limejaa mmeniletea lote."

Ndugu msomaji, alisema kweli. Siku iliyotangulia tangi lilikuwa na maji ya kutosha, lakini nilikuwa nimefunga bomba kwa kufuli na ufunguo ninao mimi. Nilikuwa nimefunga saumu, na maji nimeyafunga kwa jirani. Nilikuwa katika sita za Shawwal, najitafutia thawabu!

Nilikumbuka hadithi niliyoihifadhi madrasani bila kuielewa, ya mtu mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri, kwamba ni katika wale ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama. Nikakumbuka kisima cha Ruma. Kule Madina watu walikuwa wakinunua maji yake, na Sayyidna Uthman (R.A.) akakinunua kwa mali yake, akakitoa kwa ajili ya watu, ikawa ndoo yake yeye mwenyewe haina haki zaidi kuliko ndoo za wengine. Nikamkumbuka Saad bin Ubada (R.A.), alipotaka kumtolea sadaka mama yake aliyefariki akaambiwa sadaka bora ni maji.

Tulimlipa jirani unga wake, tukaanika magodoro yake na kumsaidia kupiga deki. Halafu tukajenga msingi upya, safari hii kwa zege. Yeye mwenyewe alituonyesha mahali ambapo maji ya mvua hupita kati ya nyumba zetu, jambo ambalo fundi wetu hakuliona. Bomba la ziada sasa linanywesha matuta yetu na yake. Na tukatoboa bomba la pili upande wa nje ya ua, lisilo na kufuli. Bomba la nyumba likikauka, watu wa mstari wetu huja na mtungi mmoja kila nyumba. Hakuna anayeuliza nani ni Mwislamu na nani siye.

Maji yanaisha haraka zaidi? Ndiyo. Ukitumia mitungi miwili kwa siku peke yako, lita 1,000 ni siku 25. Ukigawana, ni chache kuliko hizo. Lakini tangu siku hiyo nyumba nyingine mbili katika mstari wetu zimeweka mapipa, na lao likijaa sisi tunateka kwao. Haba na haba hujaza kibaba.

HITIMISHO

Kwa hivyo, ndugu yangu, nakuomba mambo matatu tu. Kwanza, kabla ya mwezi huu kuisha, toka nje utazame paa lako na upige hesabu yake. Pili, vijana wa kila mstari wachangishane, hata kama ni pipa moja kwa nyumba ya mjane au mzee asiyeweza kubeba mtungi. Tatu, msingi wa tangi uwe wa zege, na bomba lake lisiwe na kufuli.

Nilipomaliza kuzungumza siku ile, nilimgeukia ustadh nikamuuliza kama ameshahukumu. Hakunijibu. Aliniuliza kipimo cha gata kwa paa la msikiti.

Nyanya bado anakaa mlangoni mvua ikinyesha. Siku hizi hasemi neno, anasikiliza tu tangi linavyojaa.

Ewe Mola wetu, ijaalie mvua yetu iwe yenye manufaa, si ya kubomoa wala kuzamisha. Utuepushe na uchoyo wa neema Yako. Uwarehemu waliochukuliwa na mafuriko, na uzikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaamu Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.